Mlango wa Bunge kwa Aliyedhulumiwa

Mwananchi wa Marekani anayeona ameonewa na serikali ya jimbo lake kwa kawaida huenda mahakamani, au hurudi kwenye idara iliyomuumiza na kukata rufaa. Ipo njia nyingine, kongwe kuliko Marekani yenyewe, ambayo watu wengi wameisahau: kuliandikia bunge la jimbo ardhilhali, yaani maandishi rasmi yanayoeleza dhuluma iliyompata mtu na kuomba iondolewe. Ardhilhali ya aina hii haifanani na zile za maelfu ya sahihi zinazotaka kodi ipunguzwe au barabara ijengwe. Mwombaji husema kwa jina lake mwenyewe kwamba yeye, na si mwingine, ametendewa jambo fulani, na kwamba wawakilishi wa watu wanao uwezo wa kulitengeneza.

Desturi hiyo ilivuka bahari ya Atlantiki pamoja na walowezi wa Kiingereza. Huko kwao, Bunge lilikua kwa kupokea malalamiko ya raia kwa mfalme, na Sheria ya Haki ya mwaka 1689 ilitamka kwamba kumwomba mfalme ni haki ya raia na kwamba kumtia mtu ndani kwa sababu hiyo ni kuvunja sheria. Lakini koloni la Massachusetts lilikuwa limekwisha kuandika jambo pana zaidi mwaka 1641. Hati yake ya uhuru ilimpa kila mtu, mwenyeji au mgeni, aliye huru au asiye huru, ruhusa ya kufika mbele ya mahakama, baraza au mkutano wa mji na kutoa ombi lake, kwa mdomo au kwa maandishi. Maneno "asiye huru" ni ya kuzingatiwa. Mtumwa, mke wa mtu, kijana asiye na shamba: wote hawa hawakuwa na kura, lakini kwenye karatasi waliruhusiwa kusema.

Koloni hilohilo lilikuja kuonyesha mapema jinsi ombi la familia linavyoweza kurudisha heshima ya mtu. Katika kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692 na 1693, watu 19 walinyongwa na mmoja alikandamizwa kwa mawe hadi akafa. Jamaa zao hawakunyamaza. Waliandika, wakaandika tena, na mwaka 1711 bunge la koloni lilifuta hukumu za wengi wao na kutenga pauni 578 na shilingi 12 za kugawiwa familia zao. Majina kadhaa hayakuwamo katika sheria hiyo. La mwisho kusafishwa lilikuwa la Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa kifo mwaka 1693 lakini hakunyongwa; hukumu yake ilifutwa na bunge la Massachusetts mwaka 2022, baada ya wanafunzi wa shule ya kati ya North Andover kulifuatilia shauri lake pamoja na mwalimu wao.

Baada ya uhuru, majimbo kadhaa yaliiandika haki hii katika katiba zao, miongoni mwao Massachusetts mwaka 1780 na New Hampshire mwaka 1784. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yaliiweka pamoja na uhuru wa dini, wa kusema, wa magazeti na wa kukusanyika.

Ili kuelewa kwa nini watu waliyakimbilia mabunge kwa mambo ya nyumbani kwao, ni lazima kukumbuka jinsi serikali za wakati ule zilivyokuwa. Mipaka kati ya kutunga sheria na kutoa hukumu ilikuwa bado haijachorwa sawasawa, na bunge lilifanya mambo mengi ambayo leo ni kazi ya jaji au ofisa wa wilaya. Serikali ya jimbo haikuweza kushtakiwa bila ridhaa yake yenyewe, kwa kanuni iliyorithiwa kutoka kwa wafalme wa Uingereza. Hivyo mkulima ambaye farasi wake alichukuliwa na jeshi, au mjane ambaye mumewe alikufa vitani, hakuwa na mahakama ya kwenda. Kwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, mke aliyetaka talaka kamili huko Virginia alilazimika kuyaeleza mateso yake ya ndoa kwa wabunge, na talaka ikipatikana ilikuwa sheria iliyopigiwa kura.

Utaratibu wenyewe haukuwa mgumu. Aliyejua kuandika aliandika. Asiyejua alimwendea mwandishi, akasimulia habari yake, kisha akatia alama ya msalaba. Majirani walitia sahihi zao kumshuhudia, au waliapa mbele ya hakimu na kiapo chao kikaambatanishwa. Mbunge wa eneo aliwasilisha karatasi hiyo, ikasomwa, ikapelekwa kwenye kamati. Virginia ilikuwa na kamati iliyoitwa ya Hoja na Malalamiko, na nyingine ya madai ya fedha. Kamati ilipomaliza, mgongoni mwa karatasi iliandikwa kwa kifupi kama ombi lilionekana la haki au lilikataliwa. Maktaba ya Virginia huko Richmond imehifadhi takriban ardhilhali 25,000 zilizopelekwa kwa bunge kati ya mwaka 1774 na 1865. Ni vigumu kupata hazina nyingine ya jimbo hilo inayobeba sauti za watu wa kawaida kwa wingi namna hiyo.

Miongoni mwa sauti hizo imo ya mtu aliyeitwa James, mtumwa wa William Armistead wa wilaya ya New Kent. Mwaka 1781, wakati wa vita vya uhuru, alijiunga na jeshi la jemadari Mfaransa Lafayette, akaingia katika kambi ya Waingereza akijifanya mtumishi wao, na kutoka humo akapeleka habari zilizosaidia kuwashinda huko Yorktown. Vita vilipokwisha, Virginia ilitunga sheria ya kuwapa uhuru watumwa waliopigana badala ya mabwana zao. James hakubeba bunduki, alikuwa jasusi. Sheria haikumgusa, akarudishwa utumwani.

Ombi lake la kwanza halikufaulu. Mwaka 1784 Lafayette alipita Richmond na kumwandikia hati ya kuthibitisha utumishi wake. Akiwa na hati hiyo, James aliliomba bunge tena mwaka 1786, na Januari 1787 akapewa uhuru kwa sheria iliyotungwa kwa ajili yake peke yake. Hazina ya jimbo ilimlipa bwana wake thamani yake. Aliongeza jina la Lafayette kwenye lake, akawa mkulima, na alipozeeka akaliendea bunge mara nyingine kuomba pensheni ya askari. Alipewa dola 60 papo hapo na dola 40 kila mwaka. Mtu huyu alipata kwa ardhilhali kila kitu ambacho sheria ya jumla ilimnyima, lakini alikipata kwa sababu jemadari maarufu alimshuhudia. Wengi waliokuwa na haki kama yake hawakuwa na shahidi wa namna hiyo.

Shauri la Belinda Sutton wa Massachusetts linaumiza zaidi. Alitekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, katika nchi ya mto Volta, na akafanya kazi karibu miaka 50 katika nyumba ya ukoo wa Royall huko Medford, ukoo uliotajirika kwa mashamba ya miwa ya Antigua na kwa biashara ya watumwa. Bwana wake, Isaac Royall, aliegemea upande wa mfalme wa Uingereza, akakimbia mwaka 1775 na kufia huko Uingereza. Mali yake ikawa chini ya mamlaka ya jimbo. Belinda alibaki huru, mzee, akiwa na binti mgonjwa na bila riziki.

Februari 1783 aliliandikia bunge la Massachusetts. Hoja yake ilikuwa ya wazi kabisa: utajiri ule ulikusanywa kwa sehemu na mikono yake, na sheria ilimzuia kumiliki hata chembe yake. Alikwenda kwa wabunge kama mdai mwenye hesabu, na mdaiwa alikuwa urithi wa Royall. Bunge lilikubali. Liliamuru alipwe pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka kutoka katika mapato ya mali hiyo. Wanahistoria wengi huitaja ardhilhali hiyo kuwa miongoni mwa madai ya mwanzo kabisa ya fidia ya utumwa nchini Marekani.

Malipo hayakudumu. Yalisimama muda mfupi baada ya kuanza, na Belinda akalazimika kurudi bungeni mara kadhaa hadi mwaka 1793, akiliomba litekeleze uamuzi wake lenyewe. Wakati huohuo sehemu nyingine ya urithi wa Royall ilikwenda Chuo cha Harvard, na mwaka 1815 ikatumika kuanzisha kiti cha kwanza cha profesa wa sheria. Nembo ya ukoo huo ilikaa kwenye ngao ya Kitivo cha Sheria hadi ilipoondolewa mwaka 2016. Jimbo lililoweza kusimamia mali hiyo hadi chuo kikapata fungu lake lingeweza kumlipa bibi kizee pauni 15 kwa mwaka. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba amri imetimizwa.

Huko New Hampshire walikuwapo walionyimwa hata amri. Novemba 1779, wanaume 20 waliozaliwa Afrika na kufanywa watumwa katika mji wa Portsmouth waliliomba bunge la jimbo liwape uhuru. Nchi ilikuwa ikipigania uhuru wake, nao walitumia lugha ileile ya haki za kuzaliwa iliyotumiwa na viongozi wake. Mmoja wao, Prince Whipple, alikuwa mtumwa wa William Whipple, ambaye sahihi yake imo katika Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Bunge lilisikiliza, na mwaka 1780 likaamua kwamba wakati haukufaa. Shauri likaahirishwa hadi nafasi iliyo bora. Nafasi hiyo haikupatikana wakiwa hai. Sita kati yao walikuja kupata uhuru kwa njia nyingine, 14 walikufa wakiwa watumwa. Mwaka 2013 bunge la New Hampshire lilipitisha sheria ya kuwatangaza hao 14 kuwa huru, na Gavana Maggie Hassan akaitia sahihi, miaka zaidi ya 230 baada ya ombi.

Kulikuwa pia na dhuluma zilizotengenezwa na mabunge yenyewe. Virginia ilitunga sheria mwaka 1806 iliyomtaka kila mtumwa atakayeachwa huru baada ya hapo aondoke jimboni ndani ya miezi 12, la sivyo angeweza kuuzwa tena. Mtu aliyenunua uhuru wake kwa jasho la miaka mingi akaambiwa amwache mke na watoto ambao bado walikuwa mali ya mwingine. Kwa miaka mingi iliyofuata watu hawa waliliomba bunge ruhusa ya kubaki walikozaliwa, na mara nyingi majirani weupe walitia sahihi kuwashuhudia kuwa ni mafundi hodari na watu wa amani. Baadhi walikubaliwa, wengi hawakukubaliwa, na hakukuwa na kipimo kilichojulikana cha kuwatenganisha.

Upungufu huo ndio uliochangia kuidhoofisha desturi hii. Bunge linaposikiliza shauri la mtu mmoja mmoja, mwenye marafiki husikilizwa kuliko asiye nao. Mahakama nazo zilianza kudai eneo lao. Mwaka 1798 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Calder dhidi ya Bull, bado ilikubali kwamba bunge la Connecticut lilikuwa na uwezo wa kubatilisha uamuzi wa mahakama ya mirathi na kuamuru wosia usikilizwe upya. Miaka 20 baadaye, mwaka 1818, mahakama ya juu ya New Hampshire iliamua kinyume katika shauri la Merrill dhidi ya Sherburne: bunge haliwezi kumpa mtu aliyeshindwa kesi nafasi ya kusikilizwa tena, kwa kuwa kufanya hivyo ni kushika kazi ya majaji.

Kadiri watu walivyoongezeka, meza za wabunge zilijaa sheria za mtu mmoja mmoja: talaka, mabadiliko ya majina, madeni, ruhusa za kuuza urithi wa yatima. Katiba mpya za majimbo zikapiga marufuku nyingi ya sheria hizo, kama ile ya Virginia ya mwaka 1851 iliyoliondolea bunge madaraka ya kutoa talaka, na ile ya Indiana ya mwaka huohuo iliyokataza orodha ndefu ya sheria maalumu. Madai ya fedha dhidi ya serikali yalipelekwa kwenye vyombo vyake; New York iliunda mahakama ya madai ya aina hiyo mwaka 1897. Mageuzi haya yalikuwa ya haki kwa sehemu kubwa. Kanuni inayomhusu kila mtu ni ngao bora kwa maskini kuliko huruma ya kamati.

Hata hivyo mageuzi yaliacha pengo. Mtu ambaye sheria ya jumla haimfikii, kama James alivyoachwa nje, anabaki na haki ya kuomba tu, na haki hiyo haina upande wa pili. Mwaka 1984, katika shauri lililotoka Minnesota, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba Katiba inamruhusu raia kusema na kuomba, lakini haiwalazimishi watunga sera kumsikiliza wala kumjibu. Huo ndio udhaifu mkubwa wa ardhilhali, na hakuna uzuri wa maneno ya katiba unaoweza kuuficha.

Leo namna ya kuomba inatofautiana sana kati ya jimbo na jimbo. Massachusetts imeshika desturi ya zamani: raia yeyote anaweza kumpelekea mbunge wake ombi lililoandikwa kama mswada, na mbunge huliwasilisha hata kama halikubali, akionyesha kwamba amefanya hivyo kwa kuombwa. Kisha mswada hupelekwa kwenye kamati, ambayo huuweka katika kikao cha wazi ambapo mwombaji anaweza kufika na kujieleza. Wengi huishia hapo, lakini wamesikika.

Florida ndiko madai binafsi yanakoonekana kwa sura ya fedha. Sheria ya jimbo hilo inaruhusu serikali kushtakiwa kwa uzembe wa watumishi wake, lakini kwa kiwango kilichoanza kutumika mwaka 2011, malipo hayazidi dola 200,000 kwa mtu mmoja na 300,000 kwa tukio zima. Baraza la wazee wa mahakama likisema mtoto aliyelemazwa hospitalini anastahili mamilioni, kinachozidi kiwango hakilipwi mpaka bunge litunge sheria kwa ajili yake. Mswada wa madai hukabidhiwa mchunguzi maalumu wa bunge, ambaye husikiliza pande zote mbili karibu kama jaji na kuandika mapendekezo. Baada ya hapo kinachohitajika ni kura za mabaraza yote mawili na ridhaa ya gavana. Familia nyingine husubiri miaka kadhaa, kikao baada ya kikao, huku mgonjwa akiendelea kuhitaji matibabu.

Kwa njia hiyohiyo walilipwa manusura wa Rosewood, kijiji cha Waafrika wa Marekani kilichochomwa moto na genge la wazungu Januari 1923 huku serikali ikishindwa kuwalinda wakazi wake. Muda wa kushtaki ulikuwa umepita zamani. Bunge liliagiza uchunguzi wa wanahistoria, mchunguzi maalumu akaona kuwa jimbo lina deni la kimaadili, na mwaka 1994 Gavana Lawton Chiles akatia sahihi sheria ya dola milioni 2.1. Manusura tisa walipata dola 150,000 kila mmoja. Fedha nyingine zilikwenda kwa waliopoteza mali na kwa masomo ya vizazi vyao. Hakuna mahakama iliyoweza kufanya hivyo.

Wakati mwingine shauri la mmoja huwafungulia wengine. Mwaka 2005 bunge la Florida lilimlipa dola milioni 2 mtu aliyekaa gerezani miaka 22 kwa kosa ambalo vipimo vya vinasaba vilionyesha hakulitenda. Mwaka 2008 likatunga sheria ya jumla ya kuwalipa waliofungwa bila hatia dola 50,000 kwa kila mwaka wa kifungo, ingawa masharti yake yaliwaacha nje wenye makosa ya awali, na hao wakarudi kwenye mlango wa ardhilhali.

New Hampshire ilijaribu kuufufua utaratibu mzima. Kifungu cha 31 cha hati yake ya haki kinasema bunge hukutana ili kuondoa malalamiko ya umma. Cha 32 kinawapa watu haki ya kuomba waondolewe mabaya waliyotendewa. Mwaka 2011, chini ya Spika William O'Brien, Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 400 liliunda upya kamati ya kusikiliza malalamiko ya watu binafsi. Waliofika mbele yake kwa wingi walikuwa wazazi waliolalamikia mahakama za familia na idara ya ulinzi wa watoto. Waliounga mkono walisema hakuna mahali pengine ambapo wazazi hao wangeweza kusema bila kukatizwa. Waliopinga walisema kamati inahukumu upya kesi zilizokwisha, ikisikia upande mmoja, wakati majaji na maofisa wanafungwa mdomo na sheria za siri za watoto. Pingamizi hilo lina uzito. Kamati haikuwa na uwezo wa kubatilisha hukumu; iliweza kupendekeza sheria mpya, au hatua za kumwondoa ofisa madarakani. Mwaka 2013, baada ya wingi wa viti kuhamia chama cha Democrat, baraza liliifuta.

Majimbo machache yamechukua njia tulivu zaidi, na pengine yenye manufaa zaidi kwa mtu mwenye shida ya kila siku. Hawaii ilitunga sheria mwaka 1967 ya kuwa na ofisa huru, anayeteuliwa na bunge, wa kuchunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya idara za serikali. Nebraska ilifuata kwa sheria ya mwaka 1969, na Iowa baadaye. Mlalamikaji hahitaji wakili wala kulipa ada. Anaweza kupiga simu, kuandika, au kufika ofisini, hata akiwa mfungwa. Ofisa huyo ana uwezo wa kudai majalada, kuwahoji watumishi na kuingia katika majengo ya serikali. Hawezi kutengua uamuzi wa idara. Akikuta kosa, hupendekeza lirekebishwe. Idara ikikataa, huandika taarifa kwa gavana na kwa bunge, na anaweza kuitoa hadharani pamoja na majibu ya idara yenyewe.